Mrejesho: vibanda vya mbao Ukerewe, mchwa wamegonga mwamba

Wakuu, mtakumbuka niliuliza namna ya kujenga vibanda vitatu vya wageni kule Ukerewe, katikati ya miti, bila kumwaga zege wala kuliwa na mchwa.

Ushauri wa kuviinua juu ya mawe ndio ulioniokoa. Mawe tunayo ya kumwaga. Kati ya jiwe na boriti fundi aliweka kofia ya bati, kingo zimekunjwa kwenda chini. Nilimwona anapoteza bati. Juzi nikachungulia chini ya sakafu: mchwa wamepandisha kinjia chao cha udongo hadi kwenye ule mkunjo, wakakwama. Nikakikwangua kwa panga. Kinarudi, nakwangua tena.

Nilipokosea ni mbao. Nilinunua paini mbichi kwa haraka. Ukuta wa kibanda cha kwanza umepinda, unapitisha kidole. Za vibanda viwili nilizipanga kivulini, vijiti katikati, miezi mitatu. Zimetulia.

Aliyenikumbusha nisijenge ndani ya mita 60 kutoka ziwani, asante sana. Sheria ya Mazingira ya 2004 inasema hivyo, nami nilishachimba mita 40 tu kutoka majini. Nimefukia. Mama watoto bado ananinunia, alitaka kibaraza kinachoangalia maji.