Re: Sheria mpya ya kumbi Uingereza, na harusi yetu je?

Assalaam aleikum jamaa. Nipo Unguja, Michenzani, tunapanga harusi ya mdogo wangu itakayofanywa Northampton. Barazani naambiwa huko sasa kila ukumbi lazima uwe na walinzi na kamera kwa ajili ya magaidi, la sivyo faini. Mama keshaanza kukata majina ya wageni. Kweli haya?
Dada wa bwana harusi

Waaleikum salaam dada. Mwambie Bi Mkubwa aalike tu. Sheria ipo, ilipita tarehe 3 Aprili 2025. Wengi wanaiita Sheria ya Martyn, kwa ajili ya Martyn Hett, mmoja wa watu 22 waliouawa kwa bomu la gaidi ukumbini Manchester Arena Mei 2017. Mama yake, Figen Murray, ndiye aliyeipigania. Serikali ilitoa angalau miezi 24 ya matayarisho kabla ya kuanza kutumika, na mzigo ni wa anayeusimamia ukumbi, si nyinyi mliokodi siku moja.

Wanaangalia watu wanaotarajiwa kuwamo kwa wakati mmoja, wapishi na wahudumu wakiwemo. Kuanzia 200 hadi 799 hudaiwi kamera wala geti. Msimamizi anajiandikisha kwa SIA, mamlaka ya Uingereza inayosimamia kazi za ulinzi, na anakuwa na utaratibu: watu watatolewaje, au wataingizwaje ndani hatari ikiwa nje, nani anafunga milango, nani anatangaza. Kuanzia 800 ndipo hatua za ulinzi wa jengo zinapoingia, na faini inaweza kufika pauni milioni 18. Wakija wauza ushauri na bei zao, waulizeni kwanza ukumbi unachukua wangapi.

Ila harusi zetu tunazijua. Viatu na mabuibui vimejaa ukumbini, masufuria ya biriani yameegemezwa mlango wa nyuma, na mwenye funguo kenda kumchukua maharusi. Hilo lirekebisheni hata bila sheria.
Kaka yenu, Leicester

Na msikiti wetu? Ijumaa tunapita 800. Na sala ya Idi bustanini?
Maalim, asili ya Wete

Maalim, nyumba za ibada zinabaki daraja la chini, lile la 200 hadi 799, hata zikipita 800. Bustani iliyo wazi, watu wanaingia bila tiketi wala kukaguliwa kama sikukuu ya Mnazi Mmoja, haimo. Kibali cha halmashauri mtaomba kama kawaida.
Kaka yenu, Leicester