Waliorudi kijijini baada ya kustaafu, semeni ukweli

Mwana_Njombe:
Wakuu kamwene. Nina 58, niko Dar, ikifika 60 nakabidhi ofisi ya watu. Home ni Njombe huko ndani ndani, nyumba ya marehemu mzee bado imesimama na shamba lipo. Mimi nawaza kukaa tu barazani na chai yangu niangalie ukungu unavyopanda kutoka bondeni, mama watoto anasema baridi ya kule itamaliza magoti yake. Nikienda Krismasi naona raha tupu, sasa waliohamia kabisa hali ikoje?

Mnyalu wa Mufindi:
Kamwene kaka. Krismasi isikudanganye, mvua zimeanza, ulanzi (pombe yetu ya mianzi) unakaribia, kijiji kimejaa watu wa mjini na kila mtu anacheka. Nenda Juni mwishoni, sakitu, ule umande ulioganda, imelala kwenye majani kama mtu kamwaga chumvi na viazi vimeungua vyote. Mimi mwenzio vidole vya mkono wa kulia asubuhi havifungi kifungo cha shati mpaka niviote kwanza motoni. Na jiko la mkaa usiingize chumbani ukafunga madirisha, ile hewa yake haina harufu, unalala moja kwa moja. Ila mjini sirudi ng'o.

Mama Tukuyu:
Baridi afadhali, huku Rungwe shida ni mvua, ikianza Novemba ni mpaka Mei, njia zinateleza na kwa umri wetu ukianguka nyonga imeenda. Halafu nyie wanaume mnawaza baraza tu, maji atachota nani?? Kilichoniuma mimi ni chemchemi tuliyochota utotoni, nimekuta mikaratusi imeizunguka, imebaki tope la kunywesha ng'ombe. Sheria ya mazingira ya 2004 inasema mita 60 kutoka chanzo cha maji hapaguswi, na watu wanajua, ila aliyepanda ni shemeji yako, utaanzia wapi?

kijana_wa_kitalu:
Shikamooni wazee wangu. Mzee wa Njombe anza kupanda sasa hivi usisubiri mafao, na panda parachichi za Hass, mche wa kubebesha (uliounganishwa kitaluni) mwaka wa 3 unaanza kukupa kitu. Msindano mpaka utoe mbao za maana ni miaka 15 na kuendelea, hapo unawapandia wajukuu tu

Mnyalu wa Mufindi:
Marahaba. Sasa kuwapandia wajukuu ndo kosa? Mimi kila mwaka naongeza misindano na najua msumeno wake sitausikia, mbona nalala vizuri tu. Panda vyote.

Mwana_Njombe:
Asanteni sana. Nimemsomea mama watoto maneno ya Mama Tukuyu kacheka mpaka machozi, anataka bomba liingie ndani ya nyumba kwanza ndo tuongee mengine. Likizo naihamishia Juni. Kijana, mche wa Hass siku hizi bei gani?

kijana_wa_kitalu:
Inategemea na idadi mzee, njoo inbox