Naenda warsha ya takwimu Marseille mwezi wa kumi: niongeze siku mbili za kutembea, au nirudi moja kwa moja?

BintiWaChamwino

Wakuu shikamooni, na wenzangu habari zenu.

Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Dodoma, nasoma shahada ya uzamivu ya takwimu. Nimekubaliwa kuhudhuria warsha ya siku tano, Jumatatu hadi Ijumaa, kwenye kituo cha hisabati cha CIRM kilichopo Luminy, Marseille, Ufaransa. Chumba na chakula wanatoa wao hadi Jumamosi asubuhi, nauli inalipwa na mradi. Sijawahi kutoka nje ya Afrika Mashariki.

Kazi yangu ni kukadiria udumavu wa watoto kwa ngazi ya wilaya. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na takwimu za mikoa zipo. Lakini mkurugenzi wa wilaya akitaka ya kwake huna cha kumpa, maana kaya zilizohojiwa wilayani kwake ni chache mno. Ndiyo maana natumia modeli za Bayes, yaani mbinu ya takwimu inayochanganya data na taarifa nyingine, ili wilaya yenye kaya chache iazime taarifa kwa majirani zake. Nitapeleka bango linaloeleza utafiti wangu, sikupangiwa kuzungumza mbele.

Kinachonitatiza ni hiki. Tiketi ya kurudi Jumatatu ni bei ileile na ya Jumamosi, na moyo unataka kubaki. Ila mzee mmoja ofisini kaniambia nafasi ya kielimu haigeuzwi utalii, watu watasema sikwenda kusoma. Tangu aseme hivyo sina raha. Hizo siku mbili zitaniharibia viza? Na mwenye euro 200 tu mfukoni ataona nini huko? Halafu naogopa hata kuwasogelea watu ambao majina yao nimeyasoma kwenye majarida miaka yote hii.

MzeeWaSampuli

Marahaba binti. Hongera sana, nafasi hizo hazigawiwi ovyo.

Siku mbili haziharibu viza ukizitaja tangu mwanzo. Tatizo huja pale fomu inaposema siku tano kwa kufuata barua ya mwaliko, halafu tiketi inasema zaidi. Afisa akiona hivyo lazima ajiulize unabaki kufanya nini. Kwa hiyo fomu ifuate tiketi. Weka uthibitisho wa malazi ya usiku wa Jumamosi na Jumapili, na bima ifunike siku zote mpaka unapanda ndege; kiwango cha chini cha bima ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zenye viza ya pamoja, ni euro 30,000. Ada ya viza ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, lakini nakuomba usifike huko kwenye 15. Mimi niliwahi kukosa warsha kwa kuchelewa kuomba miadi. Bango langu lilikaa limekunjwa nyuma ya mlango mwaka mzima, na kila nikiingia chumbani naliona.

KaratasiNaKalamu

Mimi namtetea kidogo mzee wa ofisini. Posho ni ya siku tano, basi ihesabu kwa siku tano. Jumatatu ni siku ya kazi, iombee likizo kwa maandishi. Siku mbili zako zilipe mwenyewe, na ukirudi toa ripoti na uwafundishe wenzako ulichokipata. Ukifanya hivyo hakuna wa kukunyooshea kidole.

DadaRamani

Mdogo wangu, mimi nimekaa Luminy wiki nzima, kwa hiyo nakujibu hilo la kuogopa watu.

CIRM ipo ndani ya eneo la chuo, karibu na mwisho wa lami. Ukipita nyuma unaingia kwenye misonobari, na hapo ndipo Hifadhi ya Taifa ya Calanques inapoanza. Calanque ni ghuba nyembamba iliyobanwa na majabali meupe ya chokaa. Ya karibu inaitwa Sugiton, kama saa moja kwa miguu. Kushuka ni raha, kupanda kurudi ndiko kunakotoa jasho.

Kwenye warsha yetu mchana wa Jumatano haukuwa na mihadhara, watu wakapanga kushuka baharini pamoja. Mimi nilitaka nibaki chumbani nirekebishe slaidi. Jirani yangu, mwanafunzi kutoka Brazili, akagonga mlango mpaka nikatoka. Njiani nikajikuta natembea na profesa ambaye siku mbili zote nilikuwa namkwepa kwenye foleni ya chakula. Akaniuliza nimekwama wapi. Nikamwambia kwenye ramani yangu ya malaria Mafia inanisumbua, kwa sababu ni kisiwa, haipakani na wilaya yoyote kwa nchi kavu, na modeli ya ujirani inataka kila wilaya iwe na jirani. Akauliza: watu wa Mafia wakitaka kwenda bara wanashukia wapi? Nyamisati, Kibiti. Akasema basi jaribu kuwaunganisha na huko, kisha jaribu bila kuwaunganisha, na uonyeshe makadirio yanabadilika kiasi gani. Tulikuwa tumesimama kwenye kona ya njia, bahari ya bluu chini yetu, naandika kwenye simu mikono inatetemeka. Sura nzima ya tasnifu yangu ilianzia pale.

Kwa hiyo usiende na maelezo marefu ya kazi yako. Nenda na sehemu moja iliyokushinda, uweze kuisema kwa sentensi mbili. Mtu wa takwimu ukimpa tatizo halisi hakuachi.

Viatu vyenye kushika ardhi, mawe yale yanateleza. Maji lita moja na nusu, njiani hakuna bomba. Kiangazi njia hufungwa siku za hatari ya moto, na tangu 2022 Sugiton ina siku za kuomba nafasi kabla, watu 400 tu kwa siku, ili kuokoa udongo na mimea. Oktoba hutakutana na hayo.

Mngazija13

Assalaam alaykum dada. Mimi ni wa Ngazija, naishi Marseille. Wakomoro ni wengi sana hapa, hutakuwa mgeni peke yako.

Kutoka uwanja wa ndege panda basi hadi stesheni ya Saint-Charles, metro hadi Castellane, halafu basi la Luminy. Jumamosi anzia bandari ya zamani, Vieux-Port, upande hadi Notre-Dame de la Garde. Kuingia ni bure, mji wote unauona, na ukutani bado kuna alama za risasi za vita vya 1944. Ukishuka nenda Fort Saint-Jean na paa la jumba la makumbusho la Mucem, huko nje hulipi.

Hela yako itumie kwenye nakala ya pango la Cosquer, jirani na Mucem. Pango lenyewe lipo huko huko Calanques, mlango wake uko mita 37 chini ya maji, ndani watu wa kale walichora farasi na ndege wa baharini. Chakula nenda soko la Noailles, bei ni ya watu wa kawaida.

Angalizo: ukialikwa kulala nyumbani kwa mtu, mwenyeji anatakiwa akuchukulie hati ya mapokezi kwa meya, nayo ina ada na inakula muda. Hoteli ni rahisi zaidi kwa viza. Na ulete koti. Upepo wa mistral ukivuma, jua linawaka na baridi inakuingia mpaka kwenye mifupa.

MzeeWaSampuli

Bango lichapishe kwenye kitambaa, linakunjwa kama kanga ndani ya begi la mkononi. Mirija ya plastiki ya kubebea mabango inasahaulika kwenye ndege.

BintiWaChamwino

Jamani asanteni. Leo nimepeleka barua ya likizo ya Jumatatu, na miadi ya viza nimepata wiki ijayo. Dada Ramani, mimi kilichonishinda ni wilaya zilizogawanywa kati ya sensa ya 2012 na ya 2022, mipaka ya zamani na mipya hailingani. Nimeshakiandika kwa sentensi mbili. Naomba nikutumie uzisome kabla sijachapisha bango.

DadaRamani

Tuma usiku huu.