Naomba ushauri: herufi na namba za kwenye kamera zinanichanganya

Habari zenu wakuu. Niko Moshi, nimenunua Canon ya mtumba yenye lenzi ya 18-55mm. Jumamosi ijayo napiga picha za sendofu ya binti wa shangazi, ukumbini, usiku. Ameniamini, sitaki kumwangusha.

Modi za Av na Tv nimeshazielewa: Av mimi napanga f (namba ya upana wa tundu la lenzi), kamera inapanga kasi ya shata, Tv kinyume chake. Najua pia namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni pana na mwanga unaingia mwingi. Kinachonitesa ni maandishi ya kwenye lenzi, 1:3.5-5.6. Nikiwa 18mm naweka f/3.5 bila shida, nikivuta hadi 55mm inaruka yenyewe hadi 5.6. Jana sebuleni nilimpiga mdogo wangu akicheza, mkono ukatoka kama una mkia. Lenzi ni mbovu au ndivyo ilivyo?

Halafu ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), nikipandisha hadi 3200 chenga, vile vidoti vidoti, hazitaharibu sura? Na IS, kile kituliza mtikisiko cha lenzi, inasaidia watu wakicheza, au ni kwa mtikisiko wa mkono wangu tu? Mpiga picha mmoja hapa mjini kanishauri nitafute lenzi ya 50mm f/1.8, isiyo na zoom. Kwenye kamera ya APS-C (yenye sensa ndogo, picha inaonekana imevutwa karibu zaidi) haitabana sana ukumbini? Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali, hata kwa kifupi.