Vitoto vya nguruwe vinakufa na baridi huku Machame, banda nilijengeje?

Wakuu habari, huu mwezi wa saba baridi ya huku juu si ya kawaida, jike langu limezaa 11 na usiku wa pili nimekuta vitatu vimekufa, vingine vimelaliana kwenye kona vinatetemeka, sakafu ni zege tupu. Naomba ushauri jamani inaniuma sana.

Mfugaji Tengeru: Pole sana ndugu. Usipashe banda zima, mama yao anataka nyuzi 18 hadi 22 tu ukimzidishia anaacha kula na maziwa yanapungua, ila vitoto vikizaliwa vinataka 32 mpaka 35. Watengee kona yao kwa mbao, waweke mfuniko juu, mlango mdogo mama asipite, chini maranda makavu ya kutosha. Balbu nyekundu ya joto ining'inie kwa mnyororo, usitegemee waya wake, ukikatika ni moto. Kila wiki punguza kama nyuzi 2.

Mama Kibosho: Umeme ukikatika je? Mi nilikuwa naweka jiko la mkaa.

Mfugaji Tengeru: Hapana mama, moshi wake unaua hata usipouona. Chupa za maji ya moto zilizofungwa vizuri zifunge na gunia. Na upepo wa chini uzibe, ila juu acha hewa ipite, banda likinuka mkojo mapafu yanaharibika. Halafu viangalie vilivyolala, vikipandiana ni baridi, vikikimbia balbu joto limezidi, vikilala ubavu kwa ubavu hapo sawa.

Mwenye swali: Asante sana, mbao nafuata leo hii.