Mjadala: Waandishi wanapochambua visa vya mauaji ya kweli, ndugu wa marehemu wana nafasi gani?

Mleta mada

Wadau, hili nimelibeba moyoni muda mrefu. Leo naliweka hapa tulijadili.

Mimi ni msikilizaji wa siku nyingi wa podikasti za uhalifu wa kweli. Ninazozipenda zaidi ni zile ambazo waandishi wa vitabu hukaa pamoja wakachambua kazi za wenzao: kisa kimesimuliwaje, tamthilia ile imetia chumvi wapi, msimulizi amemficha msikilizaji jambo gani. Crime Writers On ya Marekani ilianza hivyo mwaka 2014, waandishi walipokaa kuijadili Serial, podikasti ya Sarah Koenig kuhusu Hae Min Lee, mwanafunzi wa Baltimore aliyeuawa Januari 1999, na Adnan Syed aliyefungwa maisha kwa kosa hilo. Tangu hapo uchambuzi wa aina hii umekua, na mimi nimenufaika nao sana. Umenifundisha kusikiliza kwa makini.

Kilichonileta hapa ni hiki. Wiki iliyopita nilikuwa napiga pasi, spika za masikioni ziko kazini, nasikiliza uchambuzi wa podikasti fulani. Mmoja wa wachambuzi akasema mwisho wa kisa haukumkata kiu. Nikatikisa kichwa kukubali, maana hata mimi niliuona mwisho ule umepoa. Kisha nikakumbuka mwisho wenyewe ulikuwa nini: wazazi wakizika mabaki ya binti yao baada ya miaka mingi ya kungoja. Nikaiweka pasi chini. Mazishi ya mtoto wa watu nimeyapima kama bao lililokosekana dakika ya tisini.

Msimamo wangu ni huu. Uchambuzi uendelee, tena uwe mkali zaidi. Ila kabla hatujauliza kama kisa kimesukwa vizuri, tuulize kwanza: ndugu wa aliyeuawa waliambiwa? Walisema nini? Mtayarishaji asipokuwa na jibu, mchambuzi aliseme hilo mwanzoni kabisa, si dakika ya mwisho baada ya kusifu muziki na sauti.

Angalieni yaliyotokea kwenye kisa hicho hicho cha Serial. Septemba 2022 mahakama ilifuta hukumu ya Syed. Ndugu wa Hae aliarifiwa Ijumaa kwamba kesi inasikilizwa Jumatatu. Yeye yuko California, mahakama iko Baltimore. Aliomba wiki moja ili asafiri, akanyimwa, akazungumza kwa njia ya video. Aliwaambia waliokuwa mahakamani kwamba kwake hii si podikasti, ni maisha halisi. Baadaye mahakama za juu za Maryland zilikubali kwamba familia haikutendewa haki, hukumu ikarejeshwa, na Machi 2025 Syed akabaki huru kwa kupunguziwa kifungo, huku hatia ikisimama. Mimi hapa sibishani kama alifanya au hakufanya. Ninachosema ni kwamba mamilioni ya watu tulikijua kisa kile kwa undani kuliko majirani zetu, lakini mwenye msiba alikuwa mtu wa mwisho kupewa taarifa.

Au chukueni tamthilia ya Netflix ya mwaka 2022 kuhusu Jeffrey Dahmer, aliyeua wavulana na wanaume 17 kati ya 1978 na 1991. Rita Isbell, dada wa mmoja wa waliouawa, alisimama mahakamani mwaka 1992 akamlilia muuaji yule usoni kwa uchungu ambao hakuna mtu angeweza kuuandika. Miaka thelathini baadaye akawasha runinga, akamwona mwigizaji mwenye nywele kama zake, nguo kama zake, anatamka maneno yake. Alisema hakuna aliyempigia kumuuliza. Wengi wetu tulikuwa tunajadili ustadi wa mwigizaji mkuu, na kweli alipata tuzo.

Kuna njia nyingine, na waandishi ndio waliotuonyesha. Mwaka 2019 Hallie Rubenhold alitoa kitabu kuhusu wanawake watano waliouawa London mwaka 1888 na yule anayeitwa Jack the Ripper. Kwa zaidi ya karne moja watu walihangaika na jina la muuaji. Yeye akaacha hilo, akafuatilia maisha ya wanawake: Polly Nichols, binti wa mhunzi, aliyeolewa na mfanyakazi wa kiwanda cha uchapaji na kuzaa watoto watano, Elizabeth Stride, aliyetoka Sweden, na wenzao. Akaonyesha kwamba kwa watatu kati yao hakuna ushahidi kuwa walikuwa makahaba, ingawa ndivyo wote tulivyofundishwa. Utafiti wa aina hiyo ndio ninaotamani kusikia ukisifiwa.

Karibuni, nipingeni kwa hoja.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nakuheshimu, lakini hoja yako ikifuatwa itaua watu walio hai.

Chukua kesi ya Curtis Flowers. Mwaka 1996 watu wanne walipigwa risasi ndani ya duka la samani mjini Winona, Mississippi. Flowers alishtakiwa kwa mauaji hayo mara sita, na mwendesha mashtaka yule yule. Mwaka 2018 podikasti ya In the Dark ikaenda kuishi huko miezi mingi. Wakafungua majalada ya zamani, wakahesabu jinsi mwendesha mashtaka alivyokuwa akiwaondoa watu weusi kwenye majopo ya kuamua kesi, na shahidi mkuu, naye akiwa gerezani, akawaambia kwa simu kwamba alidanganya. Juni 2019 Mahakama Kuu ya Marekani ikatengua hukumu, na Septemba 2020 mashtaka yakafutwa. Mtu alikaa ndani karibu miaka 23.

Sasa niambie, ndugu za marehemu wakiwa wameamini kwa miaka ishirini kwamba aliyefungwa ndiye muuaji, watamkaribisha mwandishi anayesema si yeye? Uchungu wa mfiwa ni wa kweli, lakini si ushahidi. Ukimpa funguo za mlango, wasio na hatia watabaki ndani.

Mleta mada

Hoja nzito, na kesi hiyo ni mfano bora wa kazi hii ikifanywa inavyotakiwa. Lakini soma tena nilichoandika. Sikusema wafiwa waombwe ruhusa, nimesema waambiwe na waulizwe. Mtu anaweza kukukatalia na ukaendelea, ilimradi alisikia habari kutoka kwako kabla hajaisikia kwa mfanyakazi mwenzake aliyepakua kipindi usiku.

Na tofauti kati ya In the Dark na tamthilia ya Dahmer ndiyo kiini cha ninachosema. Moja ilikuwa na mtu gerezani ambaye ukweli ungemtoa. Nyingine ilikuwa na muuaji aliyekwisha kukiri, aliyekwisha kufa tangu 1994, na hakuna jambo jipya lililokuwa linatafutwa. Mchambuzi anayezipa zote mbili nyota nne kwa kipimo kimoja ametukosea sisi wasikilizaji.

Mchangiaji wa pili

Naomba niguse upande wa waandishi wenyewe, maana mleta mada amewapamba sana.

Hawa si watu safi waliokuja kuwasahihisha watu wa podikasti. Ugonjwa ulianzia kwao. Truman Capote aliandika kuhusu familia ya Clutter, watu wanne waliouawa Kansas Novemba 1959. Aliwazoea wauaji wawili, akawa anapokea barua zao, lakini kitabu hakikuweza kuisha mpaka hatima yao ijulikane. Walinyongwa Aprili 1965, na mwaka huo huo kisa kikaanza kutoka gazetini. Joe McGinniss naye alikaa na timu ya utetezi ya Jeffrey MacDonald, daktari aliyeshtakiwa kumuua mkewe na mabinti zake wawili. Akawa anamwandikia barua za kirafiki za kumpa moyo, huku kitabu anachokiandika kinasema ndiye muuaji. MacDonald alimshtaki akiwa gerezani, na mwaka 1987 wakamalizana kwa dola 325,000.

Kwa hiyo waandishi wanajua ujanja wote kwa sababu wameutumia. Hilo linawafanya wakaguzi wazuri, fundi ndiye anayejua palipozibwa. Lakini pia wanauza bidhaa ile ile. Mwandishi anayemchambua mwenzake leo, kesho anahitaji sifa za huyo mwenzake nyuma ya jalada la kitabu chake. Mimi ningependa kila mchambuzi aseme kwanza kama anafahamiana na aliyetengeneza kazi anayoisifu.

Mchangiaji wa tatu

Mnazungumza kama tatizo ni watengenezaji na wachambuzi tu. Na sisi je?

Novemba 2022 wanafunzi wanne wa Chuo Kikuu cha Idaho waliuawa. Kabla polisi hawajamkamata mtu, mitandao ilijaa wapelelezi wa sebuleni, na mmoja akamtangazia dunia kwamba muuaji ni mhadhiri fulani, kwa kusoma kadi za ramli. Mama wa watu hakuhusika kwa lolote. Ikabidi aende mahakamani kujisafisha. Baadaye aliyekiri mauaji yale akawa mtu mwingine kabisa.

Huyo msoma ramli hakuanguka kutoka mbinguni. Alikuwa na wasikilizaji waliokwisha kuzoeshwa kwamba kila kisa ni fumbo na kila msikilizaji ana haki ya kukisia. Nami nilibonyeza video zile, sijitoi. Mimi ni mwanamke, na nasikiliza visa hivi kwa sababu vimenifundisha dalili za mtu hatari ambazo hakuna aliyewahi kuniambia. Sitaki vikome. Nataka wachambuzi wanaposikia mtayarishaji anataja jina la mtu asiyeshtakiwa, wasimame hapo hapo waulize: kwa ushahidi gani?

Mleta mada

Nakubali, na hilo naliongeza kwenye msimamo wangu. Sikuwa nimelifikiria.

Mchangiaji wa kwanza

Basi nijibu swali moja la mwisho. Umesema ndugu waulizwe. Ndugu yupi? Mama anataka kisa cha mwanawe kisikike ili aliyemuua apatikane, baba hataki jina la mtoto litajwe tena nyumbani wala hewani. Wote wawili wamefiwa. Mtayarishaji amsikilize nani?

Mleta mada

Hapo umenikamata, na sitajifanya nina jibu linalotosha. Kama kesi haijapata ufumbuzi ningesimama na mama, kwa sababu muuaji bado yuko nje. Kama imekwisha hukumiwa, ningeelemea upande wa baba. Na kwa vyovyote ningetaka mtayarishaji aseme hewani, dakika za mwanzo, kwamba familia imegawanyika na mmoja wao hakutaka kazi hii ifanyike. Nisikie hilo, halafu niamue mwenyewe kama naendelea au nazima. Kama kuna mtu humu amewahi kusikia podikasti iliyofanya hivyo, aiweke hapa. Nitaisikiliza usiku huu.