Ushauri: Sofa ya L kwa sebule ya futi 12 kwa 13, niende kwa fundi au nichukue ya dukani?

MamaWawili
Wakuu habari za jioni. Naombeni mawazo yenu kabla hela haijaniponyoka. Mi na mume wangu tumejibana tumepata milioni 1 na laki 8 na tumekubaliana ni ya sofa tu, haya makochi tuliyonayo tulianza nayo maisha na yameshachoka, ukikaa unazihesabu mbao. Nataka L, ile ya familia nzima kukaa na mgeni akilala analala. Tunakaa Tabata, nyumba ya kupanga, sebule futi 12 kwa 13, mlango wa nje uko katikati ya ukuta mmoja na wa korido uko kwenye kona ya ukuta wa pili. Watoto wawili, mmoja miaka minne mwingine miwili, kwaiyo hali ya uji na chai mnaielewa. Kuna duka nimeona L ya leza nyeupe inang'aa na bei inaingia kwenye bajeti, mume wangu anasema twende Keko kwa mafundi, wifi yangu naye ana mtu anauza mtumba wa Dubai. Kichwa kinaniuma. Niangalie nini na nikishaipata naitunzaje? Naomba kuwasilisha.

kibopa mtarajiwa
Nakaa pembeni hapa nawasubiri wataalamu, na mimi nina shida hiyohiyo. Ila leza nyeupe na mtoto wa miaka miwili dada... haya.

randa_na_msasa
Dada mi nipo kwenye hii kazi, ofisi yangu sitaji nisije kuambiwa natafuta wateja. Wateja wengi wakija wanashika kitambaa kwanza, wakati kitambaa ndo kitu pekee kwenye sofa unachoweza kubadilisha baadae kwa bei ya kawaida. Kilicho chini yake ndo ulicholipia.

Fremu. Mninga na mkongo ndo mbao za heshima lakini kwa milioni 1.8 L nzima ya mninga haipo, fundi akikwambia ni mninga mtupu jua ni miguu ile inayoonekana. Na wala huuhitaji, fremu inafichwa. Paini ya Mufindi iliyokauka na kupigwa dawa inatosha kabisa, sehemu zinazobeba uzito aweke mkaratusi. Shida ya paini ni pale fundi anapoishusha kwenye lori ikiwa mbichi na kesho yake ameshaipigilia, inakuja kukaukia ndani ya sofa, inajikunja, misumari inalegea, ndo unasikia kochi linalia kila ukigeuka. Isiyo na dawa nayo utafagia ungaunga wa wadudu chini ya sofa kila asubuhi. Kona zote mwambie aweke gundi, skrubu na kibao cha pembetatu kwa ndani, misumari mitupu kataa.

Chini ya makalio weka springi za nyoka (zile za waya uliopindapinda) zilizobanana vizuri, na mikanda ya mpira ya kusukwa kwenye mgongo. Akikuletea mipira iliyochanwa kwenye tyubu za gari mrudishie, joto la Dar linailegeza mapema. Mikono na mgongo igonge kwa vidole, ikitoa mlio wa boksi basi ni boksi kweli, wapo wanaozungushia makaratasi magumu na hadibodi nyembamba alafu wanavisha velveti juu. Mtoto wa miaka minne atapanda juu ya huo mkono, hilo halina mjadala.

Sasa dawa ya yote haya: kabla hajavisha kitambaa akupigie uje uione ikiwa uchi. Muandikishane hivyo tangu siku ya kianzio. Hela usimpe nusu kwa nusu kama wengi wanavyofanya, mpe ya mbao na springi kwanza, ukishaona fremu mpe ya sponji, kitambaa nunua mwenyewe Kariakoo, ya ufundi atachukua mzigo ukishafika kwako. Fundi anayekataa uone fremu ana sababu zake, we ondoka tu taratibu.

MamaWawili
Asante sana kaka yangu. Kitambaa mita ngapi? Na sponji nitajuaje zuri maana yote naona yanabonyea sawa tu, wote wanasema haidensiti haidensiti

randa_na_msasa
Kitambaa cha upana wa mita 1.4, L ya watu sita saba inakula kama mita 18 mpaka 22, inategemea mito na kama kina maua ya kuunganisha. Nunua na mita moja ya akiba uifungie kabatini, sehemu ikichanika una kiraka cha rangi ileile.

Sponji usilipime kwa mkono, lipime kwa mizani. Densiti ni kilo ngapi kwenye mita moja ya ujazo, basi. La kukalia nakushauri 30 na kuendelea, unene inchi 5 au 6, la mgongoni hata 20 poa maana halibebi uzito. Chukua mfano kipande cha futi 6 kwa futi 2 unene inchi 5, hiyo ni kama mita za ujazo 0.14. Likiwa kweli la 30 mizani itasoma kilo 4 na kidogo. Ikisoma kilo 2 na nusu umeuziwa la 18, na la 18 ukikaa siku ya kwanza utalipenda, tatizo litaanza baada ya miezi kadhaa shimo likibaki pale anapokaa baba. Mizani hata ya muuza nyama jirani inatosha. Nimeshaona fundi anabadilisha maneno mizani inapotajwa tu.

Bwana Stoo
Mnawasema sana wenye maduka bwana. Ukweli usemwe, fundi wa mtaani anakwambia wiki mbili unakaa miezi mitatu na simu hapokei, kila ukienda gundi haijakauka. Dukani unalipa leo unakalia leo, umeiona ilivyo na risiti unayo. Mi L yangu ya dukani ni ya kitambaa, ina mwaka wa sita, imesimama.

randa_na_msasa
Hapo kwenye ucheleweshaji mkuu sina cha kujitetea, fani yetu ina majina. Na sio kila sofa ya duka mbovu. Tatizo langu na ile aliyoiona dada ni hiyo leza. Hizi leza za bei hii sio ngozi, ni kitambaa kilichopakwa plastiki kwa juu, na zile za PU (plastiki ya polyurethane) unyevu na joto vinaila taratibu, pwani hii inaanza kuchubuka vipande vipande kama mtu aliyeungua jua. Ikishaanza hakuna gundi wala rangi ya kuirudisha, ni kuvisha upya nzima. Na mchana jasho unabanduka nayo.

Mwana wa Kisauni
Salamu kutoka Mombasa. Hilo la leza ni kweli tupu, huku kwetu baraza za watu zimejaa sofa zilizochubuka. Mie niongezee la chumvi, kama nyumba iko karibu na bahari zile pini za stepla za chuma cha kawaida zashika kutu, kisha kutu yatokeza kwenye kitambaa madoa ya rangi ya chai, haitoki hata ufanyeje. Muulize fundi kama pini zake zimepakwa zinki. Tabata kuna umbali kidogo na maji lakini si vibaya kuuliza. Rangi nayo, usiweke sofa mkabala na dirisha la magharibi bila pazia, jua la alasiri lamaliza rangi upande mmoja yabaki kama sofa mbili tofauti.

Mke wa Fundi Rangi
Mdogo wangu kitambaa usichukue velveti ya rangi moja nyeupe wala krimu hata kama inakuita. Chukua kilichosukwa kikabana, rangi ya kati, kijivu chenye vidoti au kahawia yenye mchanganyiko, uji ukidondoka hauonekani mpaka uufute. Ukikwaruza kwa kucha na nyuzi zikavutika, hicho kitakwisha. Na MITO IWE NA ZIPU. Wengi wanasahau wanashonewa moja kwa moja, sasa utafuaje? Alafu mito ya kukalia iwe ya kugeuzika pande zote mbili, kila mwezi unageuza na unahamisha wa kona kuja katikati, inachakaa sawasawa.

kibopa mtarajiwa
Haya ya zipu nayachukua. Na mtumba wa Dubai vipi jamani, si ndo imara zaidi?

Kiboko ya Wadudu
Mtumba fremu zake mara nyingi nzuri kweli, sibishi, ila mi kazi yangu ni kupulizia majumbani na nyumba nyingi nilizoitwa kwa kunguni ukiuliza vizuri kuna kochi au kitanda kilikuja karibuni. Kama lazima mtumba, nenda mchana na tochi ya simu, lipindue, chana kidogo kile kitambaa cheusi cha chini, angalia kwenye mishono, kwenye pini na kona za mbao. Vidoti vyeusi kama wino wa kalamu ni kinyesi chao, magamba ya kahawia ni ngozi walizovua. Ukiona hivyo hata ushushiwe bei vipi acha. Na usijidanganye kwamba utapuliza dawa ya kopo uingize ndani, kunguni wa sasa dawa nyingi za kopo washazizoea, joto ndo linawaua, mvuke wa mashine unaopita taratibu kwenye mshono, taratibu kweli, kuanzia nyuzi 50 kwenda juu hawatoboi. Sponji nene mvuke hauingii mpaka katikati ndo maana sofa ni ngumu kuliko kitanda cha chuma.

MamaWawili
Mtumba basi, wifi atanisamehe 😂. Sasa usafi. Kuna watu wanapita mtaani wanaosha masofa kwa mashine na povu, ni salama?

Mke wa Fundi Rangi
Salama kama mashine ina kunyonya maji na siku ina jua. Wengine wanamwaga ndoo mbili za povu wanasugua kwa brashi ya viatu wanaondoka, sponji limekunywa maji yote. Msimu wa masika halikauki, ndani linaota ukungu, sebule inanuka kwapa wiki nzima. Mi naosha Julai mpaka Septemba hivi, asubuhi, madirisha wazi na feni inapiga. Mito nasimamisha kivulini penye upepo.
Siku za kawaida vumbi ndo adui, linakata nyuzi. Kama huna vakyumu piga na brashi laini na ingiza mkono kwenye mifereji, utakuta makombo, shilingi na vijiko.

Kimwagike chochote, bana kwa kitambaa kikavu usisugue, ukisugua unakizamisha. Mafuta ya pilau nyunyizia poda ya mtoto, acha mpaka asubuhi ndo ubrashi. Mkojo wa mtoto bana kwanza, alafu siki kidogo kwenye maji, bana tena, ukikauka nyunyizia magadi ya kuumulia (baking soda). Jiki usiguse kabisa. Na kama kitambaa kina lebo yenye herufi S peke yake hicho hakitaki maji, ni dawa ya kusafishia isiyo na maji, W kinataka maji, WS vyote, X ni vumbi tu. Cha Kariakoo mara nyingi hakina lebo, kwaiyo jaribu kwanza nyuma pasipoonekana.

Bwana Stoo
Hakuna aliyeuliza la msingi. L yenyewe inageukia upande gani? Maana nyumba ni ya kupanga.

randa_na_msasa
Ndo nilikuwa nakuja huko. Dada, L ya kudumu ya upande mmoja ukihama inakukuta mlango uko pale ulipotaka mguu wa L ukae, unabaki kuiweka katikati ya sebule kama mzani wa barabarani. Agiza ya vipande: cha watu watatu, cha watu wawili na kona, vinashikana kwa ndoano za chuma kwa chini. Au cha watu watatu na stuli kubwa ya kuhamisha, leo kulia kesho kushoto. Gharama inapanda kidogo, miguu inaongezeka na kila kipande kinahitaji mgongo wake, lakini kwa mpangaji nisingeona njia nyingine.

Na kwa fundi usiseme "kushoto" ukaishia hapo. Kushoto ya aliyekaa ni kulia ya anayeitazama, hapo ndo watu wanagombana mzigo ukifika. Chora kwenye karatasi sebule ukiiona toka juu, weka mlango, dirisha, tivii ilipo, mwachie nakala na we piga picha ubaki nayo.

Vipimo kwa sebule yako: upande mrefu futi 9 kwenye ukuta wa futi 13, mguu futi 7, kina futi 3 au pungufu kidogo. Kuja mlango wa korido acha futi 2 na nusu wazi, usikubali pungufu, watoto watajigonga kila siku. Kabla ya kulipa tandika khanga chini kwa vipimo hivyo, muishi nazo siku mbili tatu mkipita, mtajua wenyewe.

MamaWawili
Jamani Mungu awabariki. Mume wangu amesoma uzi wote, anatamba hapa eti alisema Keko toka mwanzo. Khanga nimetandika saa hii, mguu wa L unakula kidogo ile nafasi ya kuachia mlango wa korido kwaiyo naupunguza uwe futi 6. Jumamosi tunaenda na mchoro na mizani ya jirani. Swali la mwisho, mlango wetu wa nje upana wake ni sentimita 80, kipande cha watu watatu kitapita?

randa_na_msasa
Kitapita kikiingizwa kwa wima au kwa ubavu, ila kimo cha mgongo au kina, kimojawapo lazima kiwe chini ya 78, na miguu iwe ya skrubu ya kufungua. Geti la nje na ile kona ya koridoni kwenu pia pima. Kama mko ghorofani pima na pale ngazi inapokatia kona, hapo ndo masofa mengi yanarudi Keko yakiwa mapya.

MamaWawili
Tupo chini, ashukuriwe Mungu. Geti napima kesho asubuhi.